Rangi, mafuta, karatasi au vishikio vipya: kazi ipi inalifaa kabati lako kuukuu?

Kabati la droo tatu limesimama mbele yako. Miguu ni imara, droo mbili zinavutika vizuri, ya tatu inakwama katikati, na juu kuna duara jeupe lililoachwa na kikombe cha moto. Uliza watu wanne, utapata majibu manne. Mmoja atakwambia lipige rangi. Wa pili ataona ni dhambi kufunika mbao, atataka uliparue na kulipaka mafuta. Wa tatu atakuonyesha karatasi ya kubandika yenye sura ya marumaru. Wa nne, mvivu kidogo lakini mwenye akili, atasema badilisha vishikio vya droo ukalale. Wote wanne wanaweza kuwa na haki, ila si kwa kabati hilohilo.

Mimi nazilinganisha kazi hizi kwa swali moja kabla ya gharama, muda au uzuri: nikiharibu, narudi vipi? Kishikio kipya hufunguliwa kwa bisibisi. Karatasi hubanduka. Kitambaa cha kiti hung'olewa. Rangi iliyokwisha kuingia kwenye vinyweleo vya mbao haitoki yote hata ukiipiga dawa, na vinia, ile ngozi nyembamba ya mbao, ikitobolewa na msasa hairudi tena. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye rangi na mafuta, maana huko ndiko watu hujuta, na mambo ya ukutani nitayapitia juujuu.

Jua kwanza umeshika nini

Kazi inayopendeza kwenye mbao nzima huweza kuwa balaa kwenye chipibodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa. Chomoa droo, geuza kabati, angalia kingo na mgongo. Mistari ya mbao ya juu ikishuka mpaka ukingoni na ukaona ncha za nyuzi pale mbao ilipokatwa, hiyo ni mbao nzima. Ukiona mistari mizuri juu lakini ukingoni kuna tabaka jembamba lililobandikwa, hiyo ni vinia: ngozi ya mbao halisi iliyogandishwa juu ya plaiwudi au chipibodi. Na mchoro unaojirudia vilevile, fundo lilelile mahali palepale kwenye kila mlango, ni picha ya mbao. Hapo una malamaini (ngozi ngumu ya plastiki) au karatasi iliyochapwa.

Vinia za viwandani za siku hizi mara nyingi zina unene wa kama milimita 0.6. Mashine ya msasa hula unene huo kwa sekunde chache, hasa pembeni. Vinia hukubali msasa wa mkono wa namba 180 au 220 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), taratibu, kwa kufuata nyuzi, kuparuliwa haikubali. (Msasa ni jina la mti kabla halijawa jina la karatasi: majani yake ni makali kiasi cha kulainishia mbao. Mkono wako ukifanya kazi kama jani, vinia itapona.) Chipibodi na MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa, zina ugonjwa mwingine. Hunywa maji zikavimba, na zikishavimba hazirudi tena. Kingo zilizokatwa hunyonya rangi kama sifongo, kwa hiyo hutaka praima, rangi ya chini ya kushikisha, mikono miwili pale ambapo uso wa juu umetosheka na mkono mmoja.

Jaribio la pili ni la kujua kilichopakwa. Lowesha pamba kwa spiriti, usugue mahali pasipoonekana, nyuma ya mguu au chini ya meza. Kama mbao inaonekana kupitia kilichopakwa, na kikalainika na kunata, hiyo ni shelaki, gundi inayotolewa na wadudu wadogo waishio kwenye matawi ya miti. Kama uso una rangi na pamba ikachafuka kwa rangi hiyo, ni rangi ya maji. Pamba ikitoka safi, yaelekea ni rangi ya mafuta. Dakika hizo mbili zina faida kubwa, kwa sababu rangi ya maji ikipakwa juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, bila msasa na bila praima, hubanduka vipande vipande.

Kuna jambo moja silifanyii mzaha. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978. Uingereza iliacha kuiuzia umma mwaka 1992. Kifaa chenye rangi ya umri huo, au umri usioujua, usikipige msasa mkavu. Vumbi lake huingia mwilini, na watoto wadogo ndio huumia zaidi, kwenye ubongo. Kama huna namna ya kuipima, acha ilivyo au mpe anayejua. Kitanda cha mtoto chenye rangi ya kale mimi sikifanyii mradi wa mwisho wa wiki.

Rangi dhidi ya mafuta

Rangi hufunika, ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake. Kabati lililoungwa kwa mbao za aina tatu, lenye puti palipopasuka na kiraka cha plaiwudi ubavuni, likipigwa rangi moja huwa kitu kimoja. Mafuta hayasitiri. Yataonyesha kiraka, yataonyesha puti, hata tone la gundi ulilolifuta kwa haraka litatokeza kama doa la weupe, kwa kuwa gundi haiyaachi mafuta yapenye.

Watu husema mafuta ni kazi rahisi, na wana ukweli nusu. Kupaka ni rahisi kweli: unachovya kitambaa, unasugua, unangoja dakika 15 au 20, unafuta yote yaliyobaki juu, kesho unarudia. Hakuna alama za brashi wala michirizi. Tatizo ni kwamba mafuta yanataka mbao tupu. Rangi haina masharti hayo; inatosheka na uso uliooshwa uchafu wa mikono na kukwaruzwa kidogo ili ipate pa kushika. Kuliparua kabati zima, kila ukingo wa kila droo, ni kazi ya siku mbili tatu kwa asiye fundi: dawa ya kuondoa rangi, kikwangulio, kisha msasa wa namba 80 au 100, halafu 120, halafu 180. Ukiruka hatua, mikwaruzo ya msasa mkali hubaki, na mafuta yakipita juu yake huikoleza kama wino. Ukilinganisha kwa saa za kazi, rangi inashinda karibu kila mara.

Ukilinganisha kwa miaka, mafuta nayo yana majibu. Meza ya mafuta ikikwaruzwa, unasugua pale palipoumia, unatia mafuta kidogo, biashara imekwisha. Meza ya rangi ikikwaruzwa, kiraka cha rangi mpya huonekana kama kiraka, hata ukitumia kopo lilelile, kwa sababu rangi ya zamani imekwisha kufifia. Na kwa lile swali langu la kurudi, mafuta ni mepesi zaidi: mbao ya mafuta ukiichoka unaweza kuisafisha, ukaipiga msasa na kuitia rangi mwakani. Mbao iliyopigwa rangi, kuirudisha kwenye mafuta ni adhabu.

Hatari ya mafuta iko kwenye vitambaa. Mafuta ya kitani, na mengi yaliyochanganywa nayo, hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na tendo hilo hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hupoa chenyewe. Kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa kwenye pipa hulihifadhi joto lile mpaka kinawaka, bila kiberiti wala cheche. Nyumba zimeungua hivyo. Vianike nje kimojakimoja mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye kopo la bati lenye maji na ulifunike. Hatua hii haina njia ya mkato, hata kwa kitambaa kimoja.

Vanishi inakaa katikati. Huonyesha mbao kama mafuta, na hujenga ngozi ngumu kama rangi. Kwa meza ya kulia inayofutwa kwa maji mara tatu kwa siku, mimi huchagua vanishi ya poliyurethini kuliko mafuta. Ile ya mafuta huipa mbao unjano wa asali unaozidi miaka ikipita; ile ya maji hubaki wazi kama kioo, kwa hiyo ndiyo inayofaa mbao nyeupe usizotaka zigeuke. Kasoro ya vanishi ni kwamba ngozi ikipasuka, maji huingia chini yake na kutia weupe, na hapo kiraka hakisaidii. Ni kupiga msasa uso wote.

Nina stuli moja iliyonifundisha jambo hili kwa aibu. Mbao yake ni nyekundu iliyokolea, na mimi nikaitaka nyeupe. Nikapaka mkono wa kwanza wa rangi ya maji, ikapendeza. Asubuhi nikakuta madoa ya rangi ya chai yamechomoza. Nikaongeza mkono wa pili, wa tatu, wa nne. Madoa yakawa yananifuata tu. Kumbe mbao za namna ile zina tanini, dutu ya asili inayotia rangi ya chai, na tanini huyeyuka ndani ya maji ya rangi na kupanda nayo juu. Kila mkono niliouongeza ulikuwa unaipa njia nyingine. Dawa yake ni praima ya shelaki mkono mmoja, kwa kuwa kiyeyusho chake ni spiriti, si maji. Mafundo ya mbao za misonobari hutaka dawa hiyohiyo. Ningepaka mafuta siku ile, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Ukishaamua rangi, rangi ipi?

Makopo ni mengi, lakini kwa samani za ndani mashindano yako kati ya tatu. Muda wa kila kopo hutofautiana kidogo na hali ya hewa huuvuta, hivyo maandishi ya kwenye kopo lako yatangulie jedwali hili.

| | Rangi ya maji (akriliki) | Rangi ya mafuta | Rangi ya chaki |
|---|---|---|---|
| Kungoja kabla ya mkono wa pili | saa 2 hadi 4 | saa 16 hadi 24 | saa 1 hadi 2 |
| Kuosha brashi | maji na sabuni | tapentaini | maji na sabuni |
| Sura | kuanzia mfifio hadi mng'ao | laini, alama za brashi hujilaza | mfifio, kama unga |
| Uimara | mzuri ikishakomaa | mkubwa | mdogo mpaka itiwe nta au vanishi |
| Inapochosha | nyuso mbili hunatana | nyeupe yake hugeuka njano | madoa ya maji na mafuta |

Neno "ikishakomaa" lina uzito kuliko linavyoonekana. Kukauka ni jambo moja na kukomaa ni jingine. Rangi ya maji huonekana kavu ndani ya saa moja au mbili, lakini huchukua wiki mbili hadi nne kuwa ngumu kabisa. Wengi huweka taa nzito juu ya kabati siku ya pili, kisha wakailaumu rangi. Droo zikifungwa mapema hunatana na fremu, ukizivuta zinang'oka na ngozi. Mimi huziacha nje ya kabati wiki nzima, nyumba inaonekana kama imevamiwa, lakini sijarudia kazi.

Rangi ya mafuta kwa upande wake ina adabu ya zamani: ngumu, inajisawazisha, inasamehe mkono usiotulia. Harufu yake lakini hukaa siku kadhaa, na nyeupe yake hugeuka njano upesi zaidi mahali penye giza, kama ndani ya kabati au nyuma ya mlango. Kwa miguu ya meza na viti inayopigwa mateke, naichagua bado. Kwa kabati jeupe la chumba cha kulala, hapana.

Kuhusu rangi ya chaki nina neno la ziada, maana ndiyo inayosifiwa kupita kiasi. Husemwa haihitaji msasa. Kwenye mbao kuukuu isiyong'aa, kweli hushika vizuri. Kwenye malamaini, ukucha unaitoa. Kisha kuna nta ya kuifunikia: inapendeza mkononi, inaleta mng'ao wa upole, lakini kikombe cha moto huilainisha, na baada ya muda hutaka kurudiwa. Tena, rangi nyingi hazishiki juu ya nta. Ukiichoka miaka miwili baadaye utaanza kwa kuifuta nta yote. Kwa hiyo kazi iliyouzwa kama nyepesi inakuwa nzito wakati wa kurudi. Kwa fremu ya kioo, sanduku la mapambo, meza ya kando isiyowekewa kitu, naipenda. Kwa meza ya kulia siipendi kabisa.

Chombo cha kupakia nacho kina nafasi yake. Rola ndogo ya sponji hutoa uso laini kwenye mlango na juu ya meza. Brashi ni ya kona na nakshi. Kopo la kupuliza lina faida ya kweli mahali pamoja: viti vya henzirani na vyuma vyenye matundu mengi, ambavyo brashi ingekutoa machozi. Puliza nje, umbali wa sentimita 20 hadi 30, mikono mingi miepesi. Ukisimama mahali pamoja kwa nukta moja zaidi, inachuruzika.

Malamaini: kubandika au kupaka?

Hapa ndipo karatasi ya kubandika inapostahili heshima. Malamaini ni ngumu, haina vinyweleo, na rangi haina pa kung'ang'ania. Kuipaka sawasawa maana yake ni kuosha grisi kwa sabuni kali, kuipiga msasa wa namba 180 au 220 mpaka mng'ao ufe, kupaka praima maalumu ya nyuso laini, kisha rangi mikono miwili myembamba. Niliwahi kuiruka praima kwenye milango miwili ya kabati. Kwa mwezi mmoja ilikuwa mizuri. Mwezi wa pili rangi ikaanza kujivua kama gamba la nyoka, ikianzia pale mkono unaposhika.

Karatasi nzuri ya kubandika, ile ya vinili (plastiki laini), inapenda uso uleule ambao rangi inauchukia: laini, mkavu, mgumu. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kubadilisha kitu, ndiyo chaguo langu bila kusita, maana ukiipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, gundi hulegea na karatasi hubanduka. Inashindwa mahali pawili. Kwanza, penye nakshi na mikunjo. Vinili inataka uso bapa, na kila kona ya ndani ni mapambano. Pili, penye joto na mvuke: karibu na jiko kingo zake hujikunja. Mapovu hayanisumbui, ukilitoboa kwa sindano na kulisukuma kwa kadi ngumu linalala. Kinachonisumbua ni vumbi. Punje moja chini ya karatasi inayong'aa huonekana kama chunusi usoni mwa bwana harusi. Chagua yenye mfifio.

Kuna watu hutumia karatasi hiyo kwenye mbao nzima yenye vinyweleo wazi. Haishiki vizuri, na siku ya kuibandua huondoka na nyuzi. Mbao iachie rangi au mafuta.

Labda huhitaji kupaka chochote

Rudi kwa yule mshauri wa nne. Kabla ya kufungua kopo, nunua sabuni laini na uoshe kabati. Samani nyingi zinazosemwa zimechakaa zina miaka kumi ya uchafu wa mikono tu. Droo inayokwama, sugua mshumaa kwenye reli zake za mbao na chini ya droo yenyewe. Kwa kawaida hiyo ndiyo tiba nzima.

Lile duara jeupe nalo si lazima likupeleke kwenye msasa. Weupe maana yake unyevu umenaswa ndani ya vanishi au shelaki, haujafika kwenye mbao. Weka kitambaa kikavu cha pamba juu yake, pitisha pasi yenye joto la chini kwa sekunde chache, inua, tazama, rudia. Mara nyingi duara hufifia mpaka likatoweka. Duara jeusi ni habari nyingine: maji yamefika kwenye mbao yenyewe, na hapo kweli utaparua.

Kisha vishikio. Kwa jitihada ndogo namna ile, hakuna kazi nyingine inayobadilisha sura ya kabati hivyo, na ukivihifadhi vya zamani kwenye mfuko unaweza kurudi siku yoyote. Kosa la kawaida ni kununua kwa macho. Kishikio chenye skrubu mbili hupimwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, na vipimo vingi vya viwandani huenda kwa 32: milimita 64, 96, 128, 160. Ukiwa na matundu ya 96 na ukanunua cha 128, utatoboa upya na kuziba ya zamani, na ukiziba lazima upake rangi; kazi ya nusu saa imekuwa ya wiki. Vishikio vya kitufe vyenye tundu moja havina usumbufu huo. Kama umependa kipya kisicholingana, tafuta chenye bamba nyuma, bamba hilo hufunika matundu yote mawili. Pima pia unene wa uso wa droo, maana skrubu fupi haifiki na ndefu haikazi.

Viti: kitambaa dhidi ya mbao

Kwenye kiti cha kulia, mimi huanza na kitambaa na fremu naiacha kwa muda. Jicho huenda kwenye kalio la kiti kwanza. Vingi vina kalio linaloshikwa na skrubu nne kwa chini: zifungue, ng'oa pini za zamani, kata kitambaa kikubwa kuliko kalio kwa sentimita 8 hivi kila upande, vuta na upige stepla. Anza katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande wa pili, ndipo usogee kuelekea kona. Kona ni za mwisho. Ukianza na kona, kitambaa kinapinda na mistari yake inakwenda upogo.

Sponji iliyolala haifufuki kwa kitambaa kizuri, ibadilishe. Sentimita 5 zinatosha, ilimradi ni nzito. Chini ya kilo 30 kwa mita ya ujazo italala tena mapema. Kuhusu kitambaa, angalia kama kina namba ya Martindale, mizunguko ambayo mashine ilikisugua kabla hakijaanza kukatika. Kwa kiti cha kila siku natafuta 20,000 na kuendelea. Cha pazia, hata kiwe kizuri vipi, hakijashonwa kwa ajili ya kukaliwa. Na kama kalio huingia ndani ya fremu, kitambaa kinene mno kitalizuia lisirudi. Jaribu kipande kabla ya kupiga pini 60.

Sofa ni mnyama mwingine. Lina tabaka, springi, mishono iliyofichwa, na ukilifungua bila kupiga picha kila hatua hutalifunga. Kwa sofa, foronya ya kuvalisha inashinda kuvisha upya, japo haikai vizuri kama ngozi yake mwenyewe.

Viti vya wavu wa henzirani vina kazi moja tamu ambayo watu huiogopa bure. Ukiwa ni wavu uliosukwa tayari na kushindiliwa kwenye mfereji, unang'oa wa zamani, unaloweka mpya kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ulegee, unaushindilia na kamba yake na gundi, kisha unauacha. Unapokauka hujikaza wenyewe kama ngoma. Ukilinganisha na kuusuka upya uzi kwa uzi kwenye kiti chenye matundu, hii ni ya mchana mmoja, ile ni ya subira.

Na ukuta?

Nitasema machache. Ukuta mmoja wa rangi nzito hubadilisha chumba kuliko samani tatu, na lita moja hutosha takriban mita 10 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo hesabu kabla ya kununua. Pazia likipandishwa juu ya dirisha na fimbo ikazidi kila upande, dirisha linaonekana kubwa. Ni kazi ya drili na skrubu nne. Picha nyingi hutundikwa juu mno: katikati yake ikae kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho. Rafu ya kuelea isiyo na mabano yanayoonekana inapendeza kwa vitu vyepesi. Kwa vitabu chukua yenye mabano, kwa sababu vitabu ni vizito kuliko mtu anavyodhani.

Kwa kabati lile la droo tatu

Kama ni la malamaini na nyumba ni ya kupanga, ningebandika vinili na kubadilisha vishikio. Kama ni la mbao nzima yenye sura nzuri na nina siku tatu zisizo na mgeni, mafuta. Kama limeungwa-ungwa, rangi ya maji juu ya praima ya shelaki. Kama ni la vinia, ningeosha, nikapaka vanishi mpya mkono mmoja juu ya ile ya zamani baada ya msasa mwepesi, basi.

Lakini siku ya kwanza ningefanya usafi, mshumaa, pasi juu ya duara na vishikio, halafu ningekaa nalo wiki mbili. Likiendelea kuniudhi, ningejaribu rangi ndani ya droo moja, si usoni. Na nikishapaka, nabandika kipande cha utepe wa karatasi mgongoni mwa droo ya chini na kuandika jina la rangi, namba ya mchanganyiko, praima niliyotumia na tarehe, kwa sababu atakayelikwaruza kabati hilo miaka mitatu ijayo atakuwa mimi mwenyewe, na kopo litakuwa limekwisha kutupwa.